Nimezificha Springi za Mama

Mpendwa mshauri, Bi Imogene,

Naomba msaada wako, na naomba sana unijibu kwa posta kabla hujachapisha, kwa sababu mama yangu husoma safu yako kila Alhamisi na kahawa yake ya kwanza, na akiikuta barua hii gazetini kabla sijasema mwenyewe nitakuwa nimekwisha. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, naitwa Neal Kozma, nina mke, nina nywele zinazoniaga, na kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu imekuwa kufunga springi na shokapu na kunyoosha magurudumu, alaimenti kama tunavyoiita, katika gereji moja kusini mwa Lansing, yaani ninachokuuliza ni kazi yangu mwenyewe, na ndiyo maana aibu inanikaa shingoni.

Mama yangu ni Ardith Kozma, ana miaka sabini na mitatu, na ana gari, Oldsmobile 442 ya mwaka 1970, rangi ya dhahabu, injini kubwa ile inayotikisa vikombe kabatini akiliwasha nje. Nasema "ana" kwa sababu nimejifunza kusema hivyo mwaka huu tu. Maisha yangu yote lilikuwa gari la baba. Baba, Bela Kozma, ndiye aliyelipiga nta kila Jumamosi, ndiye aliyelipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani Julai na Agosti, ndiye aliyesimama pembeni yake na kibao kilichoandikwa jina lake kwenye kioo cha mbele, na mama alikaa nyuma kwenye kiti cha kukunja akigawa sandwichi za soseji, na watu walipouliza habari za gari walimuuliza baba, na baba alijibu. Miaka minne iliyopita, hospitalini, alinishika mkono akaniambia, "Neal, gari langu libaki kama lilivyotoka kiwandani. Hata bushi moja usibadilishe. Niahidi." Nikaahidi, hata vile vipira vidogo vya kwenye viungo. Baada ya siku mbili akafariki, na tangu hapo gari lilikaa chini ya turubai, mimi naliwasha mara moja moja, nalia kidogo, nalifunika.

Sasa mwaka huu, Februari, mama akaniita Jumapili nikale kabichi yake ya kujaza nyama. Nimekaa, nimeshika uma, akaweka kadi ya gari kando ya sahani yangu.

"Soma jina," akasema.

"Ardith Sobczak."

"Nani huyo?"

"Ni wewe, Mama. Kabla ya kuolewa."

"Soma tarehe."

"Juni, sabini na nne."

"Na baba yako nilikutana naye lini?"

"Sabini na tano."

"Basi. Kula, kabichi inapoa."

Bi Imogene, nikaweka uma chini. Mama alilinunua gari lile mwenyewe, kwa mikono yake ya kiwandani, akiwa na miaka ishirini na mitatu, msichana peke yake kwenye kituo cha kufunga springi za mbele ambako wanaume walikuwa wakimwambia, "Ardith, springi itakuchapa uende Kanada." Hakwenda Kanada. Alikaa kituo hicho miaka kumi na mmoja, kisha akawa mkaguzi mpaka anastaafu. Nilijua alifanya kazi kiwandani, sote tunajua, lakini sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili, mama na gari, yalikuwa kwenye droo tofauti kichwani mwangu.

Akaniambia, "Nimelitazama likisimama miaka arobaini na kitu. Sasa nataka likate kona." Kumbe kuna watu hukutana Jumapili kwenye uwanja wa maegesho wa lile jengo la maduka lililofungwa, wanapanga koni za rangi ya chungwa, wanapita kati yake mmoja mmoja huku saa inapimwa. Mama alikwenda kuwatazama msimu mzima wa mwaka jana bila kumwambia mtu. Na msimu wa baridi wote, theluji imejaa mpaka dirishani, alikuwa anasoma vitabu vya vipuri. Akanionyesha daftari. Alikuwa amelala juu ya boksi lililokunjuliwa, na nyonga yake ya chuma, na tochi mdomoni, akapima kila kitu chini ya gari lile. Aliandika springi za mbele ngumu zaidi, chini kwa inchi moja, na za nyuma chini kwa inchi mbili, mikono mipya ya juu iliyotengenezwa kwa bomba, ile inayoshika gurudumu kutoka juu, pamoja na bolijointi ndefu, kile kiungo cha kuzunguka, ili mwili wa gari ukilala tairi lisilale nao, shokapu za gesi, stabilaiza nene ya mbele, fito ya kuzuia gari lisilale, mikono ya chini ya nyuma iliyozibwa pande zote isipinde. Na pembeni ameandika kwa herufi kubwa: BUSHI ZA NYUMA ZIWE ZA MPIRA, SI PLASTIKI, PLASTIKI ITAKABA. Wateja wangu wengi hawajui hilo. Wenzangu wawili gerejini hawajui hilo. Niliisoma orodha ile kama fundi, nikajisemea, huyu mtu angekuwa bosi wangu.

Tukaagiza, vipuri vije gerejini kwangu kwa sababu nina lifti. Vikafika mwisho wa Machi, masanduku matatu. Na hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Niliyaona yale masanduku nikasikia sauti ya baba, hata bushi moja. Nikayasukuma nyuma ya mashine ya upepo, nikapanga matairi mabovu juu yake. Mama akauliza, nikasema bado. Aprili mvua ikaosha barabarani chumvi yote ya kuyeyushia theluji, mama akauliza tena, nikasema kiwanda kimechelewa. Dada yangu Corinne nilimwambia, akasema nimefanya vizuri, akasema hata, "Mwekee springi laini zinazofanana na za zamani, mwambie ndizo zile. Hatajua." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifungua kitabu cha vipuri nikaanza kuzitafuta.

Kumbe mama hakutaka kusubiri. Jumapili ya kwanza ya Mei alilipeleka gari hivyo hivyo, na springi za miaka hamsini na bushi za umri huohuo. Nilikuwa pale, nimeshika kikombe cha kahawa. Kona ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ya tatu gari likalala kama ng'ombe anayetaka kupumzika, nikasikia mlio, gurudumu la mbele likapinda kwa ndani, likaanza kwenda upande upande, koni zikaruka, likasimama hatua nne kutoka kwenye nguzo ya taa. Hatua nne, nilizipima baadaye.

Mama akatoka, akavua kofia ngumu, akawaambia wale watu, "Samahani kwa koni zenu." Kisha akazunguka, akainama na nyonga yake ile, akatazama ndani ya gurudumu, akaniita.

"Bushi ya mkono wa juu imechanika, Neal. Nilikwambia Machi."

"Ndiyo, Mama."

"Hawa watu wa vipuri wana shida gani? Nitawapigia mwenyewe."

"Niachie nipige mimi," nikasema.

Nimemwambia wamefunga kuhesabu mali mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo itafika, Bi Imogene. Nikimfungia vipuri vile nimevunja ahadi ya marehemu, nisipomfungia atarudi kwenye koni na gari bovu kwa sababu hamwogopi mtu wala kitu. Na kuna jingine ambalo hata mke wangu sijamwambia: gari likiwa vile vile, na mikwaruzo ile ile chini, ninapolifunua ni kama baba ametoka kidogo tu kwenda kununua gazeti. Nifanye nini? Na je, orodha yake ni sahihi, au niibadilishe?

Mtoto wake mwoga,
Neal

—

Neal,

Nakujibu kwa posta ya leo hii, kama ulivyoomba, na ningekuwa na namba yako ya simu ungekuwa umeshanisikia.

Kwanza pole na baba yako. Mwanaume aliyelitunza gari la chuma lisiote kutu hapa Michigan kwa miaka arobaini na kitu, chumvi yote hii, si mtu wa kawaida, na mama yako ana gari la kurekebisha leo kwa sababu ya nta ya Bela Kozma. Hilo nalisema mwanzoni ili usidhani nitakalosema baadaye ni kumtukana.

Ahadi yako haina miguu ya kusimamia. Baba yako alikuomba kitu ambacho hakikuwa chake. Hakuwa mwizi, alipenda kitu mpaka akasahau ni cha nani, na mama yako alimpenda yeye kiasi cha kumwachia asahau. Akagawa sandwichi. Miaka yote hiyo, Neal! Mwanamke aliyelinunua gari, aliyejua kila nati ya mbele kwa sababu alifunga za aina hiyo kwa maelfu, akakaa kwenye kiti cha kukunja akiuliza nani anataka haradali. Mimi na marehemu mume wangu tuliendesha gereji barabara ya kwenda Saginaw miaka thelathini na minane, na wateja walikuwa wakinipita mimi niliye chini ya gari wakaenda kumuuliza yeye aliye kwenye kaunta. Kwa hiyo usitegemee huruma nyingi kutoka upande huu.

Sasa nikugombeze vizuri. Unasema unaogopa mama asije akaumia. Wewe ndiye uliyemweka hatua nne kutoka kwenye nguzo. Si umri wake, si ukaidi wake, si gari. Bushi mpya zilikuwa chini ya matairi yako mabovu, wiki tano, na wewe, fundi wa magurudumu, ulisimama na kikombe cha kahawa ukatazama tairi la mama yako likilala. Mteja angemfanyia mama yake hivyo ungemwita mwendawazimu. Na lile wazo la dada yako la springi laini za kudanganyia, litoe kichwani sasa hivi. Hatajua? Mtu aliyekaa kituo cha springi miaka kumi na mmoja atajua kabla hajatoka nje ya geti. Atakanyaga breki mara moja, pua ya gari itazama, na utakuwa umempoteza kwa namna ambayo hakuna alaimenti itakayoinyoosha.

Umeniuliza kuhusu orodha. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa raha tu. Neal, ile ni orodha ya mtu anayejua gari lile linataka nini. Magari ya miaka ile yalizaliwa kwenda mbele kwa hasira. Kona waliiachia dereva na Mungu. Mwili ukilala, mkono wa juu wa zamani unalivuta tairi lilale pia, unabaki unakimbia kwa ukingo wa mpira. Mikono yake mipya na ile bolijointi ndefu inafanya kinyume, tairi linajisimamisha wakati gari linalala. Wengi huanza na springi ngumu kwa sababu ndizo zinazoonekana, gari likishuka chini linapendeza kwenye picha. Yeye ameanza na mikono. Na hizo bushi za nyuma za mpira! Nyuma ya gari lile kuna mikono minne, iliyokaa kwa pembe, na gari linapolala inabidi ijipinde kidogo. Ukiweka plastiki ngumu inakabana, na nyuma inakutoka ghafla bila kukuaga. Nimewaona wanaume wazima wakijifunza hilo mtaroni. Mama yako amejifunza kwa daftari na penseli.

Sehemu moja tu siafikiani naye, na ni springi za nyuma. Inchi mbili ni nyingi. Kwa mashimo ya barabara zetu baada ya theluji, mwili utagonga vizuizi vya mpira kila siku, na ukigonga katikati ya kona shokapu nzuri kiasi gani haikusaidii. Inchi moja, kama mbele. Hilo mwambie wewe. Lakini mwambie kama fundi anavyomwambia fundi, na vipimo mkononi, kisha nyamaza aamue. Ukianza na "Mama, kwa umri wako," nitakuja mwenyewe kukupiga na spana.

Kuhusu kumkumbuka baba yako, fanya hivi. Hakuna kipuri hata kimoja kwenye orodha ile kinachotaka kukata wala kuchomelea chuma cha gari. Vyote vinafungwa kwa nati pale pale palipofungwa vya zamani. Kwa hiyo kila unachotoa kisafishe, kipake mafuta, kifunge kwa karatasi, andika kimetoka upande gani, weka kwenye sanduku. Siku moja mtu akitaka gari la Bela kama lilivyotoka kiwandani atalipata baada ya siku mbili za kazi. Lakini wewe usilifunue tena turubai kumtafuta baba. Hayumo humo. Kama unataka kumlilia, kuna kaburi, kuna dada yako, kuna mkeo ambaye hujamwambia.

Haya. Gari lisitoke hata kwenda dukani mpaka bushi ile imebadilishwa. Kabla wiki hii haijaisha, utachukua springi moja, utaipeleka kwa mama yako kwa mikono yako, na utasema yote, na sehemu ya matairi, na sehemu ya kitabu cha springi laini. Usiseme "lakini". Akikufukuza, nenda. Akikuita, rudi. Na wakati wa kufunga, springi iliyobanwa inaua. Tumia kibano kizima, si kile cha kuazima.

Imogene Tarbell

—

Bi Imogene,

Nimefanya. Naandika ili umalizie safu yako, na mama ametoa ruhusa, kwa sharti kwamba uandike jina lake lote, Ardith Sobczak Kozma, na usilikosee.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi na springi moja ya mbele, nikaiweka juu ya meza ya jikoni kando ya birika. Mama alivaa miwani, akasoma karatasi iliyobandikwa.

"Hii inasema ishirini na saba Machi."

"Ndiyo, Mama."

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na saba Mei."

Nikasema yote. Sikusema "lakini", ingawa ilinifika kwenye meno mara mbili. Nilipofika kwa baba na ile ahadi, alitazama dirishani. Nilipofika kwa springi laini, alivua miwani.

"Toka nje, Neal," akasema. "Sikufukuzi. Nataka kukasirika, na sitaki unione."

Nikasimama uani kando ya kibanda cha kulishia ndege kama dakika arobaini. Nilisikia sufuria zikiwekwa mahali pake, kwa nguvu. Alipotoka alikuwa amevaa ovaroli yake ya kiwandani, ile ya buluu, bado ina namba yake kifuani. Akasema baba alikuwa mtu mwema na mbinafsi, vyote viwili, na kwamba hilo ni suala lao wawili na wameshalimaliza zamani, na kwamba mimi ahadi nitakazoweka kuanzia leo niwe nauliza kwanza kitu ni cha nani. Kisha akasema, "Twende gerejini. Wewe utashika taa."

Sikufunga kitu, Bi Imogene. Alimpigia simu Wilma Dupree, mwenye miaka sabini na sita, aliyekuja baadaye kusimama upande wa pili wa kituo chake siku zile, mmoja kulia mmoja kushoto kila gari linapopita. Wilma alikuja na glavu zake. Nililipandisha gari, nikawaletea kibano kipya, nikaambiwa nisimame pale.

"Ardith," Wilma akauliza, kichwa ndani ya tao la gurudumu, "huyu ndiye yule mtoto uliyesema ana akili?"

"Nilisema ana mikono mizuri. Akili sikutaja."

Hawakuwa na haraka hata kidogo. Lakini mikono yao, ningependa ungeiona. Mmoja alinyoosha kiganja bila kutazama, mwingine akaweka spana inayotakiwa ndani yake. Wote wawili walijua springi inakaa wapi kwenye kikombe chake kwa kupapasa ncha ya waya kwa kidole. Niliwaambia habari ya inchi mbili za nyuma, na vipimo, kama ulivyosema. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwambie Bi Imogene mashimo ya Lansing nilianza kuyapiga kabla hajaanza kuandika." Kisha akahesabu mwenyewe kwa penseli ukutani mwa gereji, akahesabu tena, akaniambia nizirudishe zile za nyuma nibadilishe kwa inchi moja.

Corinne alikuja Jumapili mchana kugombana. Aliingia na mdomo wazi tayari, akawakuta wale wanawake wawili wameketi kwenye ndoo zilizopinduliwa wanakula baga za zeituni, nyuso zimejaa grisi, na sakafuni mbele yao vipuri vya zamani vimepangwa kwenye gazeti. Alichukua kalamu akaanza kuandika lebo. Kwenye springi ya kushoto aliandika "Baba" kwanza, akalifuta, akaandika "Mama", akalifuta na hilo, akaandika "Mbele kushoto."

Mimi nilipewa alaimenti peke yake. Nilichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kuchukua kwa gari lolote.

Jumapili ya pili ya Juni tulirudi kwenye koni. Madereva walikuwa ishirini na wanne, wengi wana magari mapya, chini kama meza. Kijana mmoja akamuuliza mama kwa upole kama anataka mtu amsaidie kuliendesha. Mama akamwambia, "Asante mpenzi, nishikie sandwichi," na kijana akaishika. Akaingia. Gari lile, kubwa kama chumba, likaingia kona ya kwanza likalala kidogo tu, likatulia, na matairi ya mbele yakasimama wima na kushika lami, nikayaona, na nikajua ninachokiona kwa sababu ni kazi yangu. Kona ya tatu alipita bila kugusa breki. Alimaliza wa tisa kati ya ishirini na wanne, na Wilma alipiga kelele mpaka sauti ikakata.

Kisha mama akafungua mlango wa upande wa pili akaniambia, "Ingia."

Sikuwa nimewahi kukaa katika gari lile likiendeshwa na yeye. Hata mara moja. Nilifunga mkanda, akaliondoa, na kwenye kona ya kwanza nilijikuta nimeng'ang'ania dashibodi kwa mikono yote miwili na ninacheka kama mtu aliyechanganyikiwa, na yeye macho mbele, vidole vyepesi kwenye usukani, akasema bila kugeuka, "Toa mikono hapo, Neal. Unaniharibia ngozi ya dashibodi."

Neal

—

Neal,

Kaza tena nati zote za mikono ya juu baada ya maili mia moja, na zikaze gari likiwa limesimama kwa miguu yake, si likiwa limening'inia hewani, au bushi zako mpya zitachanika kama za zamani. Mwonyeshe mkeo barua yako ya kwanza.

Na umwambie Bi Ardith Sobczak Kozma kwamba Julai kiti kile cha upande wa pili ni changu. Nitakuja na kofia yangu ngumu, na mikono nitaiweka magotini.

Imogene Tarbell